Barafu ya Chumvi

"Mdiria, uko wapi?"

"Kisesa. Nyuma ya Fuso jeupe. Mita mia mbili."

"Usilisimamishe."

"Mbele kuna trafiki, mkuu. Neno moja tu na..."

"Nimesema usilisimamishe."

Redio ikanyamaza.

Kija, jina la kazini Mdiria, alitukana kimoyomoyo, kwa Kisukuma, maana Kiswahili hakina matusi ya kumtosha bosi kama Chenge. Akavuta mafuta. Pikipiki yake ya Boxer ilikohoa, ikashika mwendo. Ungemwona ungesema bodaboda kama bodaboda wengine, isipokuwa mwanamke: kizibao cha rangi ya chungwa, kofia ngumu yenye kioo kilichopasuka, kreti tupu la soda limefungwa nyuma kwa mpira. Ungempungia mkono akupeleke Buswelu. Asingesimama.

Saa nane na dakika kumi mchana. Jua la kupasua kichwa.

Ndani ya Fuso lile mlikuwa na makreti arobaini. Ndani ya kila kreti, kamba hai mia moja hivi, wamelazwa juu ya sponji iliyoloweshwa. Hawakuwa wale kamba wadogo wa Pwani wanaopikwa na nazi. Hawa walikuwa wa mtoni, wa ng'ambo, wakubwa kama kiganja cha mkono, wenye magando mekundu. Wengi wao majike. Chini ya mkia kila jike lilibeba mayai kwa mamia.

Ziwa letu halijawahi kuwa nao hata siku moja.

Miaka kumi na moja Kija alikuwa ofisa wa Kitengo, idara ya serikali isiyo na kibao mlangoni. Alishakamata pembe, alishakamata kakakuona kwenye magunia ya kahawa, alishakamata kasuku waliofungwa midomo na kusukumizwa kwenye mabomba ya plastiki. Vyote hivyo vilikuwa vinatoka. Hii ya leo ilikuwa kazi ya kuzuia kitu kisiingie, na jamani, hiyo ndiyo ngumu. Kinachotoka ukikikamata unakirudisha. Hawa wakishaingia majini, nani atawarudisha?

Jana yake Dk. Selina, mtaalamu wa samaki, alikuwa amemweleza yote kwa sauti ya mtu asiyelala vizuri.

"Wanakula kila kitu, dada. Majani ya chini ya maji, mayai, vifaranga. Hata samaki aliyenasa wavuni wanamtafuna kabla mvuvi hajafika. Na ukishawatia, basi tena."

"Wanataka kuwatia wapi?"

"Ghuba ya Lyakungu."

Hapo Kija hakuuliza swali jingine. Lyakungu ndiko alikozaliwa.

Kati ya mawe ya ghuba ile alikuwa anaishi furu wa aina moja, samaki mdogo wa buluu mwenye mkia wa rangi ya boga. Zamani furu walikuwa wa aina mia kadhaa ziwani, kila mwamba na wake. Kisha wakubwa wa enzi za mkoloni wakamleta sangara, na sangara akawameza. Huyu wa Lyakungu vitabu vilishamwandika kuwa ametoweka, mpaka Selina alipopiga mbizi miaka saba iliyopita akamkuta. Labda elfu mbili wamebaki. Hawapo Kenya, hawapo Uganda, hawapo kwenye tangi la mtu yeyote Ulaya. Ni Lyakungu tu. Jike lake hulea watoto mdomoni, akichoka huwaachia watembee kwenye mianya ya mawe.

Mianya ile ile ambayo kamba wale hupenda kulala.

Na kwa nini Lyakungu hasa? Kwa sababu ni mazalia yaliyofungwa. Miaka sita hakuna wavu ulioingia. Mtu mwenye hila angetafuta wapi pengine pa kufugia wageni wake kimyakimya?

Mtu huyo alikuwa anaitwa Konrad Dreyer. Mwekezaji, kwa maneno yake. Alikuwa na kampuni ya mfukoni na pasipoti tatu ambazo hazikukubaliana alizaliwa wapi. Mpango wake ulikuwa rahisi kama wizi wa kuku: watie kimyakimya, waache wazaane miaka miwili, kisha uende wizarani na uso wa huruma ukisema, "Wamo ziwani tayari, basi nipeni kibali cha kuwavua."

Redio ilifufuka Igoma.

"Mdiria. Tumenasa simu ya dereva. Wanahamishia kwenye boti, inaondoka saa kumi. Igogo, gati la kiwanda cha barafu."

"Nimzuie hapo?"

"Dereva ana amri. Akiona polisi, anafungua mlango wa nyuma na kumwaga mtaroni. Unajua mitaro ya Mwanza inaishia wapi?"

Nani asiyejua? Mji wote umekaa juu ya mawe. Mwaga ndoo ya maji Mabatini, ndoo ya maji Bugando, kesho yake imo ziwani.

"Wakiwa botini?"

"Botini ni teke moja tu na kreti limo majini. Usifyatue risasi. Usimshtue. Tafuta njia nyingine."

"Njia gani, mkuu?"

"Ningekuwa naijua ningekutuma wewe?"

Kija alilipita Fuso kwa upande wa kushoto, akapitia vichochoro vya Nyakato, akafika Igogo dakika thelathini kabla yake.

*

Mwenye kiwanda cha barafu alikuwa Savita, bibi wa miaka sabini na mbili, sari ya kijani juu na mabuti ya mpira chini. Babu yake alifungua duka Mwanza kabla reli haijafika. Wapagazi walimwita Mama Barafu, naye alijua majina ya watoto wao wote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unataka barafu ya ngapi?"

"Ya kuua," Kija alisema, akamwonyesha kitambulisho.

Savita alikisoma taratibu, akavua miwani, akaivaa tena. Kija alimweleza kwa maneno machache. Bibi alisikiliza hadi mwisho, kisha akapiga kofi pajani.

"Nilijua! Yule mzungu kakodi gati langu siku tatu, kaniambia hataki barafu hata kibonge kimoja. Nikasema, mtu akodi gati la barafu asitake barafu, huyu kichwa chake kizima? Njoo uone boti yake."

Boti ilikuwa imefungwa gatini, ya fiberi, ya futi thelathini, yenye tumbo la kuhifadhia samaki. Nahodha wake alikuwa ameenda kununua petroli. Kija alifunua mfuniko wa tumbo lile, akabaki ameduwaa.

Lina barafu tayari. Nusu nzima.

"Nani katia?"

"Sisi," alijibu Machibya, msimamizi wa wapagazi, akijifuta kamasi kwa mkono wa sweta. "Kwani vipi?"

"Si mlikatazwa?"

"Dada, boti ikifunga hapa inatiwa barafu. Hata ungeleta maiti. Huyo mzungu kaniambia wakati nimeshamaliza shifti ya kwanza, sasa niitoe nikaipeleke wapi?"

Wenzake walicheka. Kija naye alicheka, kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kamba wale ni wa nchi za joto, baridi hawaiwezi. Alimpigia Selina palepale.

"Barafu tupu itawalevya tu," Selina alisema. "Tia chumvi, nyingi, baridi ishuke zaidi. Wakikaa chini ya nyuzi tano kwa dakika sitini, hakuna atakayeamka. Wala mayai."

"Una hakika?"

"Dakika sitini, dada. Hamsini sina hakika."

Kutoka Igogo hadi Lyakungu ni mwendo wa saa moja na nusu.

Magunia manne ya chumvi ya mawe yalimwagwa juu ya barafu ile. Juu yake wakatandika magunia ya katani yaliyoloweshwa, maana Dreyer mwenyewe aliagiza unyevu. Katikati Kija alichomeka kipima joto kidogo kama betri ya rimoti, chenye kutuma namba kwenye saa ya Garmin mkononi mwake. Kisha akavaa sweta la kiwanda, mabuti, koti la mvua, kofia ya sufu hadi kwenye nyusi na barakoa hadi kwenye macho. Ndani ya kiwanda cha barafu wote huvaa hivyo.

"Boti haitoki gatini kwangu bila mtu wa barafu wa kulinda tumbo," Savita alisema. "Ndiyo desturi yangu, na wakaguzi wa bandari wanaijua. Akikataa, nitapiga kelele mpaka Kirumba wanisikie."

Dreyer alikuja na Fuso. Mrefu, kofia ya majani, bastola ya Glock 19 chini ya shati la maua ambalo halikuificha vizuri. Alibishana na Savita dakika mbili akashindwa. Hakuna aliyewahi kumshinda Savita kwenye gati lake. Kisha simu ikamwita pembeni, makreti yakaanza kushuka.

Ndipo nahodha aliporudi na madumu ya petroli.

Alikuwa mtu mfupi, mwenye mabega mapana na mguu wa kulia uliokuwa ukichechemea kidogo. Kija aliufahamu mguu ule. Aliuangukia yeye mwenyewe akiwa na miaka saba, kutoka juu ya mwembe wa jirani.

Venant. Kaka yake. Mwenyekiti wa kikundi cha ulinzi wa ziwa, Lyakungu. Mtu aliyekabidhiwa na kijiji kizima kuwalinda wale furu.

Kija aligeuka ukutani, akaminya kitufe cha redio.

"Mkuu. Nahodha ni Venant."

"Ndiyo."

"Ulijua?"

"Wiki mbili."

"Ukanituma mimi? Mimi!"

Chenge alipumua. "Ofisa mwingine yeyote angempiga risasi, Kija. Ndiyo maana."

Hakumwita Mdiria. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Alipogeuka, Venant alikuwa amefungua kreti moja gatini na ameinama juu yake, na kijana wa bodaboda alikuwa akiondoka na ndoo ya plastiki. Kija aliona ndoo. Hakuitilia maanani. Kichwa chake kilikuwa kimejaa kaka yake.

*

Saa kumi na dakika tano boti iliondoka. Yamaha ya nguvu sabini na tano ilinguruma, ikapita kisiwa cha Saanane, ikazunguka Capri Point, ikaelekea maji makubwa. Dreyer alikaa mbele kabisa, akitazama mbele. Venant alikaa nyuma kwenye usukani. Kija alikaa katikati, juu ya mfuniko wa tumbo, beleshi la barafu mapajani.

Garmin: nyuzi ishirini na moja.

Kumi na tano.

Tisa.

Saa kumi na nusu Garmin ikasoma nyuzi nne nukta nane. Kija alianza kuhesabu. Dakika sitini.

Upepo ulikuwa wa upande, mawimbi madogo yakipiga ubavu. Kofia yake ililowa ikateleza. Alipoivuta alihisi macho mgongoni. Ukizaliwa nyumba moja na mtu, utavaa barakoa utachoka.

Hakukuwa na haja ya kujificha tena. Alisogea nyuma, akaketi karibu na mashine, mahali kelele zilipofunika maneno.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba," Venant alijibu, kwa mazoea ya miaka arobaini. Kisha uso wake ukabadilika rangi. "Kija? Si uko Dar wewe! Unauza bima!"

"Siuzi bima."

Venant aliinama, akachopeka mkono chini ya mfuniko, akapapasa chini ya gunia. Akautoa umelowa. Akalamba kidole.

"Chumvi."

Mvuvi haelezwi maana ya barafu ya chumvi.

"Unawaua."

"Ndiyo. Bado dakika hamsini. Ukitaka kumwambia, mwambie. Bastola anayo yeye, mimi yangu imo kwenye buti na nimekatazwa kuitumia."

Venant alitazama mgongo wa Dreyer. Akajifuta kidole kwenye suruali.

"Unajua wananiitaje Lyakungu?" alisema. "Mchawi wa furu. Miaka sita nafukuza wenzangu kwenye maji ya baba zao. Nimechomewa mtumbwi. Mwanangu akija likizo hachezi na mtoto wa mtu. Kwa ajili ya nini? Samaki wa saizi ya kidole, hata mchuzi hatoi! Sangara wameisha, Kija. Watu wanalala njaa wanatazama ghuba imejaa. Huyu bwana akaniambia, hawa kamba wakizaana, kila nyumba itavua. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Mgeni huyu anakula watoto wa mwenyeji."

"Sangara naye aliletwa! Babu alilia, lakini baba alijenga nyumba ya bati kwa sangara. Wewe ulisoma kwa sangara. Viatu vyako vya kwanza..."

"Na sasa hivi umesema nini kuhusu sangara?"

Venant alirekebisha usukani, macho majini.

"Umesema wameisha," Kija alisema. "Babu alikula aina mia za samaki. Baba akala mmoja. Wewe huna hata huyo mmoja. Mwanao utamwachia nini, kaka? Kamba wanaotafuna nyavu?"

Kija alimwonea huruma, na hasira pia, vyote kwa pamoja, na hakujua amshike mkono au amzabe kofi. Maana kweli aliyoisema Venant ilikuwa kweli. Viatu vile alivikumbuka. Vilikuwa vyeupe.

Garmin: tatu nukta moja. Dakika ya ishirini na mbili.

Saa kumi na moja kamili mawe ya Lyakungu yalianza kuonekana. Upepo ulikuwa umegeuka, umewasukuma. Walikuwa wanafika mapema. Kija alipiga hesabu mara mbili, haikubadilika: watafika kwenye dakika ya arobaini na moja. Selina alisema hamsini hana hakika.

"Kaka."

Alisema hilo tu.

Mashine ilikohoa. Ikazima.

"Nini tena?" Dreyer alipiga kelele kutoka mbele. Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha tu.

"Plagi, bosi. Zimelowa."

Venant alifungua kifuniko cha Yamaha. Akatoa plagi ya kwanza. Akaifuta kwa shati. Akaitazama juani. Akaipuliza. Akaanza ya pili, taratibu kama bibi anayechambua mchele wa harusi. Dreyer aliangalia saa, akatukana. Boti ilielea. Mikono ya Venant haikuharakisha.

Dakika thelathini na tano. Arobaini na nane. Hamsini na sita.

Sitini na moja.

Kija alikohoa. Venant alirudisha plagi ya mwisho, akavuta kamba ya kuwashia, mashine ikawaka mara moja.

*

Maji ya Lyakungu yalikuwa safi mpaka chini. Dreyer hakuyatazama. Alimsogeza Kija pembeni kwa kiwiko, akafunua mfuniko, akavuta kreti la kwanza, akang'oa kifuniko.

Hakuna gando lililotikisika.

Kreti la pili. La tatu. Alichukua kamba mmoja akamtikisa kama mtu anayeamsha mlevi. Kisha akapekua magunia, akaiona barafu, akaelewa.

Glock ilitoka haraka kuliko Kija alivyotegemea. Ilimtazama katikati ya paji la uso.

"Wewe."

Venant alikata usukani wote kulia.

Boti ililala ubavu. Dreyer aliyumba, risasi ikapasua hewa, na beleshi la barafu likatua kwenye kifundo cha mkono wake kwa nguvu zote za mwanamke ambaye hakuruhusiwa kufyatua risasi tangu mchana. Mfupa ulilia. Bastola ikaruka majini. Pigo la pili lilimpata nyuma ya goti, akaanguka kifudifudi juu ya makreti yake mwenyewe, uso ndani ya kamba wake.

"Tulia hapo," Kija alimwambia, akimfunga pingu. "Usinipotezee barafu ya watu."

Boti ya doria aliyoituma Chenge ilitokea nyuma ya mwamba na askari sita. Walimpakia Dreyer akitaja mabalozi wa nchi tatu.

Kija alimgeukia kaka yake.

"Lete mikono, kaka."

"Hata baada ya plagi?"

"Plagi nitaziandika. Zitakusaidia mahakamani. Lakini ghuba uliiuza, na nilikuona."

Alinyoosha mikono bila ubishi. Pingu zilipolia, akashtuka ghafla kama aliyeunguzwa.

"Kija! Nilitoa kitoweo."

"Nini?"

"Pale gatini. Nimempelekea Gladness kitoweo. Kwenye ndoo. Chombo hakiondoki bila mboga ya nyumbani, unajua mwenyewe... Nilisahau, haki ya Mungu nilisahau!"

Ndoo. Kijana wa bodaboda. Kija aliona mawe yote ya Lyakungu yanazunguka. Venant alikuwa na chumba Igogo, mkewe Gladness aliishi huko na mtoto kwa ajili ya shule. Mbele ya mlango palikuwa na mtaro. Mtaro ulikuwa na hatua mia mbili hadi ziwani. Na ni mama gani wa Mwanza, akifunua ndoo akakuta wadudu wenye magando, asingewamwaga?

Jike moja tu lenye mayai lingetosha.

"Wangapi?"

"Kumi."

Alipiga simu. Iliita mara nne.

"Haloo? Wifi! Makubwa, leo umenikumbuka!" Sauti ya Gladness ilikuwa changamfu, nyuma yake mtoto akisoma kwa sauti.

"Wifi, ile ndoo ya Venant iko wapi?"

"Ee! Afadhali umeuliza. Hivi kaka yako ana wazimu? Kaniletea nge wa majini! Jirani kaniambia mwaga mtaroni haraka, wataingia kitandani."

Kija alifumba macho. "Umewamwaga?"

"Nilitaka. Nikasema, lakini mume wangu kasema ni kitoweo, nitamwaga kitoweo cha baba mwenye nyumba? Nimewatia kwenye beseni uani, nimefunika na sinia."

"Nenda uwahesabu. Sasa hivi, wifi. Usikate simu."

Kandambili zikasikika. Sinia likalia.

"Wanane."

"Hesabu tena."

"Wanane, wifi. Mbona sauti yako hivyo?"

"Walikuwa kumi, Gladness! Wawili wako wapi?"

Venant alikuwa amepiga magoti ndani ya boti na pingu zake, midomo ikisema jambo ambalo labda lilikuwa sala.

"Usinigombeze," Gladness alisema kwa aibu. "Wawili nimewachemsha. Nilitaka nionje kwanza, nisije nikampa mume wangu kitu kikamuua. Si wabaya. Wanahitaji ndimu tu."

Kija aliketi.

"Una maji ya moto?"

"Ya ugali, yanatokota."

"Yamwage kwenye beseni. Yote. Nasikiliza."

Alisikia sufuria likiinuliwa, maji yakichuruzika, makucha yakikwaruza plastiki. Kisha hakusikia kitu.

"Tayari," Gladness alisema. "Nitasonga ugali upya. Venant anarudi saa ngapi, nimwekee?"

Venant alisikia. Aligeuza uso upande wa mawe.

Kija aliibana simu kifuani mwake. Alishawahi kulala siku tatu kwenye matope akimvizia jangili. Alishapigwa risasi ya bega Rukwa. Hakuna kilichokuwa kizito kama sentensi ile fupi.

"Wifi," alisema, "leo harudi. Nimemkamata mimi."

*

Boti ya doria iliondoka na watuhumiwa wawili. Kija alishuka kwenye mwamba mkubwa unaolinda mlango wa ghuba, akasubiri boti ya pili ije kuzoa makreti. Jua lilikuwa bado juu ya vilima.

Simu ya Chenge ikaita.

"Kazi nzuri, Mdiria. Wote?"

"Wote."

"Ndege yako ya kurudi Dar ni saa tatu kamili usiku."

Alikuwa anataka kujibu alipoiona mitumbwi. Miwili. Mitatu. Ilikuwa inatoka upande wa kijiji, wanaume wakipiga kasia haraka, na katikati ya kila mtumbwi kulikuwa na rundo la wavu. Kokoro, wavu wa kuburuta, wenye matundu yasiyopitisha hata mbu. Habari za kukamatwa kwa mwenyekiti zilishafika ufukweni. Habari za namna hiyo hazihitaji redio.

Ndipo alipolielewa lile aliloogopa kulifikiri tangu Igogo. Mtu aliyewauza furu ndiye pia mtu pekee aliyewalinda. Sasa amempeleka jela.

"Mdiria? Unanisikia?"

"Nina likizo ya siku ishirini na nane, mkuu."

"Ya nini? Ghafla hivi?"

"Ya kwetu."

Akakata. Akavua koti la mvua, akasimama juu ya mwamba pahali mitumbwi yote ingemwona.

"Rudini!"

Mtumbwi wa kwanza ulipunguza mwendo. Mzee mmoja mwenye shati lililochanika alimkodolea macho.

"Wewe nani wa kuturudisha? Mwenyekiti keshachukuliwa!"

"Mimi ni mdogo wake Venant."

Walitazamana. Mmoja alitema mate majini. Mwingine alisema neno kuhusu ukoo wa wachawi, kwa sauti ya kutosha kusikika, naye Kija akaliacha lipite. Mawimbi yalipiga mwamba. Chini ya miguu yake kitu kidogo cha buluu kiliruka kutoka mwanya hadi mwanya.

"Watoto wetu hawajala," mzee alisema. Hakusema kwa ukali.

"Najua, baba. Kesho nitakuja kijijini tuongee. Leo rudini."

Mzee akazamisha kasia, akageuza mtumbwi, na wale wengine wakamfuata polepole, nyavu zao kavu.

Kwa leo.